Mabaki ya Mtihani wa Sayansi

Printa ya Raheli iligoma siku ya Alhamisi, saa tano na robo asubuhi, ikiwa imefika nakala ya sabini na tatu ya mtihani wa Sayansi. Haikupiga kelele wala kutoa moshi. Ilivuta karatasi, ikaitema nusu, kisha taa zake mbili nyekundu zikaanza kupokezana, moja ikiwaka nyingine inazima. Kwenye kompyuta yakatokea maandishi ya Kiingereza. Raheli aliyasoma mara mbili, halafu akamgeukia mwalimu Castory aliyekuwa amesimama nyuma yake tangu saa mbili.

"Inasema kuna kitu ndani kimefika mwisho wa maisha yake. Inataka ipelekwe kwa fundi."

"Haiwezi kwenda popote," alisema mwalimu Castory.

Alisema hivyo kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi na katibu wa kamati ya mtihani wa utamilifu wa darasa la saba, mtihani ambao shule tatu za jirani zilikuwa zimeamua kuutunga na kuuchapa kwa pamoja ili kupunguza gharama. Mwaka uliopita karatasi ya Hisabati ilikutwa imefungia maandazi gengeni siku moja kabla ya mtihani, na mwalimu aliyeisimamia akahamishiwa shule ambayo kuifika ni lazima uvuke korongo mara mbili. Kwa sababu hiyo mwalimu Castory alikuwa ameandika Mwongozo wa kurasa tatu, wenye vifungu kumi na moja, na alitembea nao kwenye bahasha ya kaki kama mgonjwa anavyotembea na vyeti vyake.

"Kifungu cha nne," alisema, ingawa hakuhitaji kufungua bahasha. "Mashine iliyochapa mtihani haitatoka ndani ya chumba cha uchapaji mpaka mtihani ufanyike."

"Na mtihani ni Jumatatu."

"Ndiyo, mama Erica. Jumatatu."

"Mwalimu, hapa ni sebuleni kwangu."

Castory aliangalia makochi, kabati la vyombo, picha ya harusi ukutani. Alionekana kusikitika kweli.

"Kwa sasa ni chumba cha uchapaji," alisema.

Hapo ndipo Raheli alipoelewa alichokuwa amekisaini. Fremu yake ya barabarani ilikuwa imevunjwa kupisha upanuzi wa barabara, na tangu hapo biashara yake ya kuchapa na kutoa kopi ilihamia nyumbani, pale pale Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kazi ya shule tatu ilikuwa ya siku moja: watahiniwa mia moja na themanini, masomo sita, asubuhi mpaka jioni, mlango umefungwa. Binti yake Erica, kwa kuwa yuko darasa la sita na ana marafiki wa la saba, kamati iliagiza apelekwe mbali, naye akapelekwa kwa shangazi yake Kongwa. Raheli alikubali yote, akala kiapo cha kutunza siri, akasaini. Alichosahau ni kwamba vyumba vyake viwili vya kulala vilifungukia sebuleni. Ukifunga sebule, umefunga nyumba nzima.

Saa saba mchana mlango ulikuwa na kufuli jipya, na juu ya kufuli kipande cha karatasi chenye mhuri wa shule. Mbele ya mlango, kwenye kiti cha Raheli mwenyewe, aliketi mgambo wa kike aitwaye Mwantum, rungu likiwa mapajani.

*

Denis, mume wa Raheli, alirudi saa kumi na moja kutoka kujenga huko Mtumba, mwili mzima umejaa saruji. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akamwendea mwalimu Castory aliyekuwa anakagua madirisha kwa nje.

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi nataka suruali tu."

"Nzuri. Suruali ipi?"

"Ya kijivu. Imetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani."

"Wewe hujaapa, baba Erica, kwa hiyo huwezi kuingia. Mama Erica ameapa, lakini haruhusiwi kuingia na kitu wala kutoka na kitu. Nitakuletea mimi."

Alifungua kufuli, akabandua karatasi, akaingia, akakaa ndani muda mrefu kuliko unavyohitajika kutafuta suruali. Alipotoka alikuwa amebeba suruali nyeusi ya suti ambayo Denis aliivaa siku ya harusi yake na siku mbili nyingine tangu hapo.

"Hii siyo," alisema Denis.

"Nyuma ya mlango hamna kitu. Hii nimeikuta kabatini."

Mwantum akaipekua mifuko, akaipapasa mapindo ya miguu, akamkabidhi. Denis hakutaka ubishi na mtu mwenye rungu. Alienda kuoga, akavaa suruali ya harusi, akachota maji bombani ndoo sita huku majirani wakimwangalia na kumpongeza.

Unga nao ulikuwa ndani, chini ya kitanda. Castory aliutoa, gunia dogo la kilo kumi, akaliweka miguuni pa Mwantum. Mwantum alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono kwenye unga mpaka kwenye kiwiko, akazungusha.

"Dada, hicho ni chakula," Raheli alisema.

"Najua, dada yangu. Mimi mwenyewe sipendi. Ila karatasi inaweza kukaa hata kwenye unga." Alitoa mkono mweupe, akaupukuta juu ya gunia, punje zirudi. "Uko safi."

Raheli alisonga ugali huo. Mwantum alikaribishwa, kwa kuwa mtu haachwi kukaribishwa kwenye chakula, na alikula vizuri. Mume na mke walilala jikoni, kibanda cha bati nyuma ya nyumba, juu ya viroba vitupu vya saruji vilivyopasuliwa na kutandikwa.

*

Ijumaa Denis hakwenda kazini. Alikuwa amepata video kwenye simu. Ndani ya video hiyo mtu asiyeonekana uso, anayeongea lugha ambayo Denis hakuijua, alikuwa anabonyeza vitufe vya printa ya aina ile ile kwa kidole gumba kinene, na baada ya dakika nne taa nyekundu zilizima. Denis aliiangalia mara tano. Alimhesabia mtu yule kila kubonyeza kwa kijiti ardhini.

"Tatizo ni kwamba hujaapa," alisema mwalimu Castory.

"Niapishe."

"Kiapo kinapitishwa na kamati nzima. Ila nadhani naweza kubonyeza mimi, wewe ukaniambia kutokea dirishani."

Ikawa hivyo. Dirisha lilifunguliwa kiasi cha kupitisha sauti, na Denis akaambiwa asimame nje akiwa ameipa nyumba mgongo ili asione karatasi mezani. Akasimama hivyo, simu mkononi, suruali ya harusi inang'aa juani, anaongea na minyaa ya uani.

"Bonyeza cha kuwasha, usiachie."

"Nimebonyeza."

"Bila kuachia, bonyeza cha kusimamisha mara mbili."

"Ndiyo hiki chenye duara?"

"Mwalimu, nimekupa mgongo. Duara silioni."

"Kina duara na pembe tatu ndani."

"Kwenye video gumba limekiziba." Denis alirudisha video nyuma. "Wewe bonyeza tu."

Ndani kitufe kikalia.

"Zimewaka zote," alisema Castory.

"Zote nyekundu?"

"Na ya kijani. Na sasa inanguruma."

"Kwenye video haingurumi."

"Mimi nakwambia ninachokisikia, baba Erica."

Walijaribu mara tisa. Mara ya nane printa ilijivuta, ikatoa ukurasa mmoja mtupu wenye mistari minne ya rangi. Castory aliushika kwa vidole viwili, akaufikiria, kisha akauandika kwenye daftari: karatasi moja, haina swali, imehifadhiwa. Mara ya tisa taa zile mbili nyekundu zilirudi kupokezana kama mwanzo. Raheli, aliyekuwa ameketi kizingitini kwa kuwa ameapa lakini haruhusiwi kugusa kitu bila kamati, alifunika uso kwa kanga.

"Nipeni simu," alisema. "Nampigia Seth."

Seth alikuwa fundi wa mashine za ofisini pale Majengo, kijana mwenye maneno machache na wateja wengi. Siku hiyo alikuwa Kongwa, juu ya ngazi, anafunga kamera kwenye ghala. Raheli aliweka sauti ya nje ili Castory asikie.

"Taa zinapokezana?" aliuliza Seth. "Basi ni sponji."

"Sponji gani?"

"Dada Raheli, kila ukiisafisha printa kichwa, ule wino wa kusafishia unaenda wapi?"

Raheli hakuwahi kujiuliza.

"Unaenda kwenye sponji, iko chini kwa nyuma. Mashine inahesabu matone. Ikifika idadi iliyowekewa, inajifunga, isije ikamwaga."

"Kwa hiyo haijaharibika."

"Haijaharibika. Imehesabu."

"Nani ameiagiza ihesabu?" aliuliza Castory kwa hasira kidogo.

"Walioitengeneza, mzee. Sasa kuna programu ya kuirudisha hesabu kwenye sifuri. Unainunulia ufunguo, unatumika mara moja tu. Mniunganishe kwa mtandao, niingie mwenyewe nikiwa huku huku. Dakika kumi."

Castory alishika bahasha yake kifuani. Kifungu cha sita kilikataza mtandao. Alipiga simu mbili, na baada ya saa moja walimu wakuu wawili walifika kwa bodaboda, wakaketi uani juu ya ndoo zilizopinduliwa, na kikao kikafunguliwa kwa sala. Raheli aliwapikia chai. Kutoka jikoni aliwasikia wakijadili kama hesabu ya matone ni taarifa za mtihani au ni taarifa za mashine. Mmoja alisema ukijua idadi ya matone unaweza kujua idadi ya maswali. Mwingine alisema yeye anafundisha Hisabati na jambo hilo haliwezekani. Waliamua, kwa muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kwamba mtihani utolewe kwenye kompyuta na kuwekwa kwenye flashi, flashi ikae na katibu, na ndipo mtandao ufunguliwe. Kuhusu gharama ya ufunguo, shilingi elfu ishirini, kikao kilisema hakuna fungu la kitu cha namna hiyo. Raheli alilipa kwa simu yake, akanunua na bando la mtandao.

Castory alivua kiatu, akaiweka flashi ndani ya soksi, akavaa kiatu.

*

Walioruhusiwa kuingia walikuwa Raheli na Castory. Raheli alifungua kompyuta, akamsomea Seth namba kwa simu. Wakasubiri. Kisha mshale wa kwenye kioo ukaanza kutembea wenyewe.

Castory aliruka. Alivua koti, akaifunika kompyuta nalo, akalikumbatia.

"Nani huyo?"

"Ni Seth, mwalimu."

"Seth yuko Kongwa."

"Ndiyo, yuko Kongwa. Na yuko humu."

"Mmefunika kioo?" ilisema simu. "Nasikia mnavutana na nguo. Mimi huku naona vizuri tu."

Castory alibaki amekumbatia kompyuta, jasho linamtoka. Kwa mara ya kwanza Raheli alimwona mtu yule alivyokuwa: ana miaka hamsini na mbili, amebakiza minane kustaafu, na anaogopa korongo la kuvuka mara mbili.

"Fundi," alisema Castory kwenye simu, "kabla hujaendelea itabidi uape."

"Niape nini?"

"Rudia maneno yangu. Mimi, taja jina lako."

Kondoo walisikika wakilia upande wa Kongwa. Kisha Seth, kutoka juu ya ngazi, akaapa mstari kwa mstari kwamba hatatoa, hatasambaza, hatanakili wala hatasimulia jambo lolote la mtihani kwa mdomo, maandishi au ishara, mpaka utakapofanyika. Alipofika kwenye ishara alisita kidogo, lakini alimaliza.

Castory aliondoa koti. Mshale ukafungua dirisha, ukachagua aina ya mashine, ukabonyeza hapa na pale. Kioo kikaonyesha namba ya hesabu na pembeni yake asilimia mia moja. Mshale ukashuka, ukabonyeza. Ile mia moja ikawa sifuri.

"Zima, subiri kidogo, washa," alisema Seth.

Raheli alizima. Alihesabu mpaka kumi, akawasha. Printa ilijinyoosha, ikalia kidogo ndani, kisha taa ya kijani ikawaka, ikatulia. Nyekundu hazikuonekana.

"Imesamehewa," alisema Castory taratibu.

"Msichape," simu ilisema. "Mimi nimefuta hesabu tu. Sponji imejaa vile vile. Mkichapa, wino utatokea chini uloweshe meza yote."

Juu ya meza hiyo kulikuwa na nakala mia nne na zaidi, za masomo mawili yaliyokamilika na Sayansi iliyokatikia njiani. Waliangaliana. Castory alianza kubeba mitihani, rundo baada ya rundo, kuipeleka kitandani kwa Raheli. Raheli alichukua bisibisi. Kufuatana na sauti ya Seth alifungua skrubu moja ya nyuma, akavuta kidroo cha plastiki, na ndani yake akaikuta sponji. Ilikuwa nzito, nyeusi, inateleza kama ini la ng'ombe, na alipoinyanyua ikamchuruzikia mikononi, nyeusi kwanza, kisha nyekundu, nyekundu tupu mpaka viwiko.

"Sasa weka nyingine," alisema Seth. "Hata ya godoro inafaa kwa leo. Ikate saizi ile ile."

Godoro lilikuwa limelaliwa na mitihani. Raheli aliangalia sebule yake, akachukua mto wa kochi, ule wa maua aliounganisha mwenyewe, akauchana, akaukata kona. Ukaingia sawasawa.

Mtandao ukazimwa, flashi ikatoka soksini, wakachapa mpaka jioni na kuendelea Jumamosi asubuhi. Printa haikusimama hata mara moja. Saa nne nakala ya mwisho ya Uraia ilitoka, bahasha zikafungwa kwa lakiri, na gari likaja na walimu wakuu wawili, likazipeleka kwenye chumba cha chuma ambacho Raheli hakuambiwa kiko wapi. Alichukua kitambaa ili aanze kufuta meza.

"Bado," alisema Castory.

*

Kilichobaki kilikuwa ndoo ndogo ya Raheli iliyofunikwa kwa sahani. Ndani yake ilikaa sponji.

Kifungu cha tisa kilisema mabaki yote ya uchapaji, ikiwa ni pamoja na karatasi zilizoharibika na wino, yatateketezwa kwa moto mbele ya mashahidi watatu, na kwamba chumba hakitarudishwa kwa mwenyewe kabla ya uteketezaji. Neno wino aliliandika Castory mwenyewe, usiku mmoja wa bidii, na sasa hakuweza kulifuta bila kikao.

"Wino huu ndio ulioandika mtihani," alieleza.

"Huu ndio ambao haukuandika, mwalimu," alisema Raheli. "Ulioandika uko kwenye karatasi."

Castory alilifikiria hilo. "Kifungu hakitofautishi," alisema.

Wakachoma. Karatasi mbovu ziliwaka vizuri pamoja na ule ukurasa wa mistari minne. Sponji haikuwaka. Denis aliimwagia mafuta ya taa. Mafuta yakawaka juu yake, yakaisha, nayo ikabaki inafuka na kuzomea. Akamwagia tena. Ikavimba upande mmoja, ikatoa harufu iliyomfanya Mwantum ahame upepo. Upepo wa Dodoma ukabadili njia ukamfuata. Ilipofika saa sita walikuwa wamemaliza lita moja na nusu, na sponji iko pale pale, nyeusi, mbichi, inachuruzika.

"Izikwe," alisema Raheli.

Castory aliendelea kuutazama moshi.

"Mwalimu, sina nyumba siku ya tatu leo. Suruali ya mume wangu imeungua paja. Mto wangu umekatwa. Izikwe hapa uani, ndani sana, uandike kwenye karatasi yako imefukiwa, usaini, na mimi nisaini, na unipe mlango wangu."

Castory alitoa fomu. Alikata neno "tumeteketeza", akaandika juu yake "tumefukia", akaweka saini ndogo pembeni.

Ardhi ilikuwa ngumu kama kigae. Denis alipiga sururu, Mwantum akazoa udongo kwa jembe, wakapokezana mpaka shimo likafika magotini. Ndoo Raheli aliitaka, kwa hiyo aliitoa sponji kwa mikono, akaizungushia kipande cha kanga kuukuu isichuruzike njiani, akaibeba hatua zile chache. Wekundu ukapenya kwenye kanga. Akapiga magoti, akaishusha.

Castory alivua kofia, maana aliona inafaa kusoma fomu akiwa kichwa wazi. Wengine wakainamisha vichwa kwa sababu ya jua.

"Leo Jumamosi," alisoma, "sisi tuliotajwa hapa chini, tumeshuhudia kwa macho yetu..."

Ng'ambo ya minyaa, mama Tabu, jirani yao, alikuwa anaanua nguo. Alisimama na shuka mkononi. Aliona shimo dogo. Aliona Raheli amepiga magoti, mikono myekundu mpaka viwiko. Aliona mume amevaa suruali ya suti, mgambo ameegemea jembe, na mwalimu wa watu anasoma bila kofia. Akaweka shuka kwenye kamba, taratibu, akaingia ndani kuvaa kanga ya pili.

*

Castory aliondoka saa saba. Alibandua karatasi ya mhuri, akafungua kufuli, akamkabidhi Raheli mlango kwa kuuonyesha kwa mkono. Alisema kamati inashukuru. Alimkumbusha kwamba kiapo kinaendelea mpaka Jumatatu jioni. Alipanda bodaboda na bahasha yake, na Mwantum akafuata kwa miguu, baada ya kurudisha kiti mahali pake.

Denis aliingia ndani kutafuta suruali ya kijivu. Raheli alibaki uani kwenye kigoda. Alitaka kunawa, lakini hakupata nguvu ya kuinuka.

"Mbukwenyi," ilisema sauti mlangoni mwa ua, ikisalimu kwa Kigogo.

Mama Tabu aliingia na wanawake watatu. Mmoja alibeba mkeka, mmoja sufuria la uji, mmoja unga kwenye beseni. Walitandika mkeka bila kuuliza. Mama Tabu aliketi karibu na kigoda, akamshika Raheli mkono, ule mwekundu, akautazama, hakusema kitu kuhusu wekundu wake.

"Shikamoo mama," alisema Raheli.

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Asante. Tumechoka tu."

"Lazima mchoke. Ilikuwa ya miezi mingapi?"

Raheli alifikiri anaulizwa kuhusu printa. "Mwaka na miezi minane," alisema, kisha akaona nyuso za wanawake zikibadilika, akaona shimo lililofukiwa upya, akaona mikono yake. Akaelewa.

"Hapana, mama. Siyo mtu," alisema.

"Najua, mwanangu. Ndivyo tunavyosema mwanzoni."

"Ni kitu kingine kabisa. Ni mambo ya serikali, siruhusiwi kusema mpaka Jumatatu."

"Usiseme," alisema mama Tabu. "Nani amekulazimisha useme? Kunywa uji."

Raheli alishika kikombe. Mwaka juzi, mwezi wa sita, alikuwa amepoteza mimba ya miezi minne kwenye wodi yenye vitanda vilivyojaa. Hakumwambia mtu isipokuwa Denis. Kesho yake alifungua fremu saa mbili, akachapa barua za watu, akapiga picha za pasipoti, na wateja wakamwambia leo mbona umenuna. Hakukuwa na shimo popote. Hakujua waliipeleka wapi, na hakuwahi kupata mahali pa kuuliza.

Aliinamisha kikombe bila kuangalia, uji ukamwagika miguuni. Mama Tabu alikichukua, akakiweka chini, na Raheli akateleza kutoka kigodani, akalala ubavu, kisha kichwa chake kikawa kwenye mapaja ya mama yule, na akalia kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kuwa anayo. Wanawake hawakumnyamazisha. Mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisani polepole, wengine wakamfuata.

Denis alitoka ndani akiwa na suruali ya kijivu, anataka kumwambia mkewe kwamba ilikuwa nyuma ya mlango siku zote. Alikuta mikeka miwili. Alikuta wanaume wanne wameketi kwenye tofali kando ya minyaa, wamevua kofia, na mzee mmoja anamsogelea kwa mikono miwili.

"Pole, baba Erica."

Denis alimwangalia mkewe pale mkekani. Alitazama shimo, akatazama tena mkewe, na baada ya muda uso wake ukalegea. Aliweka suruali kwenye kamba ya nguo. Aliketi juu ya tofali katikati ya wanaume.

"Asante," alisema. "Tumeshapoa."